Saa ya plagi, ya betri au inayovuta muda hewani: uchague ipi kulingana na unapoishi

Ukiingia duka la saa, iwe Kariakoo, Nairobi mjini au duka la mtandaoni, utaona sura mia lakini kwa ndani ni aina tatu tu. Kuna ile unayochomeka kwenye soketi na inahesabu mapigo ya umeme wenyewe, kuna ya betri yenye kristali ya kwatzi, na kuna inayopokea muda kutoka nje, iwe kwa redio, setilaiti au intaneti. Watu wengi wananunua kwa sura, baada ya miezi kadhaa saa imebaki nyuma wanasema wameuziwa feki, wakati mara nyingi saa ni nzima kabisa ila imepelekwa mahali ambapo haiwezi kufanya kazi yake.

Swali ninaloulizwa kila mara ni "ipi inaenda sawa zaidi?" na kwa kweli hilo swali likiwa peke yake halijibiki, maana kila moja inakosea kwa namna yake. Moja inayumba kila siku halafu inarudi, nyingine inateleza polepole na hairudi, ya tatu iko sawa muda wote mpaka siku inapokosa mawasiliano. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi, jiulize wewe unaweza kuvumilia kosa la aina gani.

Vigezo ninavyotumia ni vitano na nitavipitisha kwa zote tatu: ndani ya siku moja inapotea kiasi gani, mwaka ukiisha imepotea kiasi gani, umeme ukikatika inakuwaje, ukihama nayo nchi nyingine inakuwaje, na wewe mwenyewe unabaki na kazi gani ya kuihudumia. Ila kwanza tuone kila moja inapata wapi muda wake, maana majibu yote yanatokea huko.

Saa ya plagi, muda wake unatengenezwa kwenye mitambo

Hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu ambayo wengi hawajawahi kuelezwa.

Umeme wa nyumbani unaenda na kurudi, na huko kwenda na kurudi kunahesabika. Tanzania, Kenya, Uganda, Oman, Uingereza na Ulaya yote ni mara 50 kwa sekunde, ndo hizo hezi 50 unazoziona kwenye kibandiko nyuma ya kila kifaa, Marekani na Kanada ni 60. Saa ya plagi ya zamani ina kimota kidogo kinachozunguka kwa kufuata mapigo hayo hayo, ya siku hizi yenye namba nyekundu ina chip inayohesabu tu, ikifika 50 inaongeza sekunde moja, na saa za kwenye oveni na maikrowevu nyingi ziko hivyo hivyo. Kwa siku nzima inatakiwa ihesabu mapigo 4,320,000. Haina kitu kingine chochote cha kuiambia muda, kwa hiyo ukiiletea mapigo 4,319,000 imebaki nyuma sekunde 20 na yenyewe haina namna ya kujua.

Sasa nani anahakikisha hayo mapigo yanatimia? Jenereta zote zilizoko kwenye gridi moja zinazunguka kwa mwendo mmoja, kama wavuvi wanavyovuta juya, kamba moja na hatua moja, mzigo ukiwa mzito wote wanapunguza mwendo pamoja. Jioni watu wakirudi nyumbani wakawasha majiko, mapasi, tivii na feni, mzigo unazidi umeme unaozalishwa, turbine zinazozungusha jenereta zinapungua mwendo kidogo na frikwensi, yaani idadi ya mapigo kwa sekunde, inashuka, tuseme hezi 49.95. Hapo kidhibiti mwendo cha turbine, mafundi wanaita gavana, kinafungua maji au gesi zaidi na frikwensi inaacha kushuka, na baadaye inarudishwa 50. Watu wanadhani hapo mambo yameisha, lakini hapana, maana kurudi 50 kunazuia saa isiendelee kupoteza tu, hakuirudishii ilichopoteza. Saa moja nzima kwenye 49.95 ni sekunde 3.6 zimeenda, na ili zirudi lazima mtu aamue kwa makusudi kuendesha gridi nzima juu kidogo ya 50 kwa muda fulani.

Aliyeanzisha utaratibu huo ni mhandisi wa Marekani anaitwa Henry Warren. Alikuwa anatengeneza saa za mota ya umeme na zilikuwa hazishiki muda, akaona kosa haliko kwenye saa, liko kwenye kituo cha kuzalisha umeme ambacho kilikuwa hakina sababu ya kujali hezi zake kwa kiasi hicho. Akatengeneza saa kubwa ya kufunga kituoni yenye mishale miwili, mmoja unaendeshwa na pendulamu ya kuaminika, mwingine unaendeshwa na mota inayokula umeme wa kituo hicho hicho. Ya kwanza ilifungwa kwenye kituo cha Boston Edison Oktoba 1916. Opereta anatazama mishale, wa umeme ukianza kubaki nyuma anaongeza mwendo wa turbine kidogo sana mpaka mishale ikutane, ukitangulia anapunguza. Yaani mtu mmoja kwenye kituo kimoja anasawazisha saa za mji mzima bila kuingia nyumba ya mtu, mimi hilo wazo mpaka leo naliheshimu sana.

Ulaya bara wanafanya kazi hiyo hiyo kwa mtindo mkubwa zaidi. Kuanzia Ureno mpaka Uturuki ni gridi moja yenye frikwensi moja, na kampuni ya gridi ya Uswisi, Swissgrid, ndo inapima muda wa gridi ukilinganishwa na muda wa saa za atomiki. Tofauti ikizidi sekunde 20, nchi zote zinaambiwa zilenge hezi 50.01 au 49.99 badala ya 50 kwa siku nzima. Hezi 0.01 inaonekana si kitu, lakini piga hesabu kwa saa 24 unapata sekunde 17, na hizo zinaingia kwenye kila saa ya plagi ya bara zima kwa wakati mmoja.

Mwaka 2018 ndo ilionekana wazi hii kitu inategemea watu. Kuanzia katikati ya Januari, Kosovo ilikuwa inatumia umeme zaidi ya inaozalisha, Serbia ambayo kwa utaratibu wa gridi ilikuwa na wajibu wa kuziba pengo haikuziba, ugomvi wenyewe ukiwa wa kisiasa wa miaka mingi. Frikwensi ya wastani ya bara zima ikakaa 49.996. Tofauti ya hezi 0.004 haiwezi kuzima hata taa moja, lakini ni karibu sekunde 7 kila siku, na mpaka mwanzoni mwa Machi saa za oveni na za kitandani katika nchi 25 zilikuwa nyuma karibu dakika 6. Umoja wa waendesha gridi wa Ulaya, ENTSO-E, ulisema umeme uliokosekana ni gigawati-saa 113. Ukiwa Berlin au Brussels saa yako ilibaki nyuma kwa sababu ya mvutano wa Balkan. Ukiwa London au Stockholm hukuguswa, kwa sababu Uingereza na nchi za Nordiki zina gridi zao na zinaungana na bara kwa nyaya za DC (umeme usioenda na kurudi), ambazo zinapitisha umeme bila kupitisha mapigo. Denmark yenyewe imegawanyika, upande wa magharibi uko na bara, Copenhagen iko na Nordiki, kwa hiyo nchi moja ilikuwa na saa za plagi za aina mbili.

Marekani nako mambo yamebadilika. Miaka mingi waendesha gridi walikuwa wanarekebisha muda kwa kulenga 60.02 au 59.98, lakini wao wenyewe wakaanza kuhoji kama ina maana kuisogeza frikwensi kwa makusudi kwa ajili ya saa, maana kila ukiisogeza unaipunguzia gridi nafasi ya kuyumba salama mtambo mkubwa ukizimika ghafla. Kiwango cha lazima cha NERC, chombo kinachosimamia usalama wa gridi Amerika Kaskazini, kilichohusu marekebisho hayo kikaondolewa 2017. Hoja yao naielewa, lakini mnunuzi ajue kwamba usahihi wa saa ya plagi ni huduma anayopewa na watu wa gridi, na huduma inaweza kupunguzwa bila yeye kuambiwa dukani.

Huku Afrika Mashariki gridi zinazidi kuungana. Laini ya kilovolti 400 ya Isinya mpaka Singida imeunganisha Kenya na Tanzania tangu Desemba 2024, na gridi ikiwa kubwa, mtambo mmoja ukitoka frikwensi inayumba kidogo kuliko ingekuwa kwenye gridi ndogo. Laini ya kutoka Wolayta-Sodo Ethiopia mpaka Suswa ni DC, kwa hiyo inaleta umeme tu, mapigo ya Ethiopia yanabaki Ethiopia. Lakini kwa saa ya plagi huku kwetu shida kubwa iko kwenye umeme kukatika, nitaifikia.

Saa ya betri

Hii ni fupi. Ndani kuna kipande kidogo cha kristali ya kwatzi kilichokatwa kama uma, ukikipa umeme wa betri kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ilichaguliwa kwa sababu ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na moja, na sakiti ya kugawa kwa mbili ni rahisi mno kutengeneza, ndo maana saa ya kwatzi inauzwa bei ya soda mbili tatu na bado inaenda vizuri. Haimtegemei mtu yeyote wala kituo chochote.

Udhaifu wake ni kwamba kila kristali ina kosa lake dogo ililozaliwa nalo, kwa za kawaida inaweza kufika sehemu 20 katika milioni, na kosa hilo linaenda upande mmoja kila siku. Halafu kuna joto: kristali hizi zinatengenezwa ziwe sawa zaidi kwenye nyuzi 25 hivi, zikipata joto zaidi au baridi zaidi zote mbili zinapunguza mwendo. Nyuzi 35 inakula karibu theluthi ya sekunde kwa siku. Kwa hiyo saa iliyotundikwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana Mombasa au Muscat itabaki nyuma kuliko pacha wake aliye chumba cha ndani, na ukiisogeza tu ukuta mwingine unaweza kuona tofauti baada ya miezi.

Saa inayovuta muda hewani

Hapa kuna makundi. La kwanza ni saa za redio za masafa marefu. Ujerumani kuna mtambo wa DCF77 uko Mainflingen karibu na Frankfurt, unarusha kwenye kilohezi 77.5 na unashikika mpaka kama kilomita 2,000, Uingereza kuna MSF kutoka Anthorn, Marekani kuna WWVB kutoka Fort Collins, Colorado. Saa inasikiliza, mara nyingi usiku wakati mawimbi yanafika mbali zaidi, inajirekebisha, halafu mpaka usiku unaofuata inaendeshwa na kristali ya kwatzi kama saa nyingine yoyote ya betri. Kundi la pili linatumia GPS, setilaiti zenye saa za atomiki ndani. La tatu linachukua kwenye intaneti au mtandao wa simu, na simu yako ya mkononi iko humu, ndo maana watu hatusubiri tena kusikia saa ngapi kwenye redio.

Ndani ya siku moja

Hapa watu wanashangaa, saa ya betri inaishinda ya plagi. Kwatzi ya kawaida inapotea sekunde moja na kitu, mbaya zaidi sekunde 1.7 ikiwa na zile sehemu 20 katika milioni. Ya plagi kwenye gridi ya Ulaya inaruhusiwa kutangatanga mpaka sekunde 20 kabla mtu hajaanza kuirudisha, asubuhi inaweza kuwa mbele sekunde kadhaa na jioni ikawa nyuma. Ya hewani ikishapata mawasiliano iko ndani ya sekunde hiyo hiyo, ila kwa GPS kuna jambo dogo: ikiwashwa baada ya kukaa sana inaweza kuonyesha muda ulio mbele sekunde 18 mpaka ipokee ujumbe wa marekebisho, na ujumbe kamili wa setilaiti unachukua dakika 12 na nusu, kwa hiyo usiiamini dakika za mwanzo.

Mwaka ukiisha

Mambo yanageuka. Ile sekunde 1.7 ya betri ikijilimbikiza mwaka mzima ni zaidi ya dakika 10, na hakuna wa kuirudisha ila wewe. Ya plagi kwenye gridi inayotunza muda, mwaka wa kwanza na wa kumi kosa ni lile lile la sekunde chache, maana kila kinachopotea kinalipwa. Hata zile dakika 6 za 2018 zililipwa: kwa mwendo wa sekunde 17 kwa siku ni kama siku 20 za kuendesha bara zima kwenye 50.01, na wenye saa ambao hawakugusa kitu walizikuta zimerudi zenyewe. Wale waliokuwa na haraka wakazisogeza mbele kwa mkono ilibidi wazirudishe tena nyuma baadaye. Ya hewani haina hesabu ya mwaka, kila usiku inaanza upya.

Kwa hiyo mtu akikwambia saa za plagi ni sahihi kuliko za betri, na mwingine akabisha, wote wawili wanaweza kuwa sahihi, mmoja anaongelea mwaka mwingine anaongelea siku.

Umeme ukikatika

Kwa huku kwetu hiki ndo kigezo kinachoamua mara nyingi. Saa ya plagi ya mota inasimama pale pale na umeme ukirudi inaendelea kutoka ilipoachia, yaani ukikosa umeme saa mbili utakuwa nyuma saa mbili mpaka uirekebishe. Ya namba nyekundu inarudi ikiwa inamulika-mulika 12:00. Nyingi zina nafasi ya betri ya volti 9 chini yake na muuzaji atakwambia hiyo inalinda muda, ni kweli kwa kiasi, lakini saa nyingi za bei nafuu zikiwa kwenye betri hiyo zinajihesabia kwa sakiti ndogo ya rezista na kapasita ambayo usahihi wake ni duni sana, kwa hiyo umeme ukikatika masaa mengi unaikuta haijazima lakini imeenda mbele au nyuma kwa dakika nzima, na hiyo ni mbaya zaidi maana haikupi dalili yoyote kuwa imekosea. Zanzibar ilikaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa hali kama hiyo saa ya plagi ni pambo tu.

Jenereta nayo ina mambo yake. Jenereta ndogo ya dukani au ya nyumbani bila mzigo inawekwa izunguke juu kidogo, kama hezi 52, ili ukiwasha vitu ishuke mpaka karibu 50. Kwenye 52 saa ya plagi inatangulia zaidi ya dakika 2 kila saa moja, ukishinda kwenye jenereta kutwa nzima utaona mwenyewe. Mwenye sola na inveta ana nafuu, inveta nzuri inatengeneza hezi 50 kutoka kwenye kristali yake na saa ya plagi inaenda vizuri, ila kimsingi imeshageuka saa ya kwatzi iliyojificha kwenye inveta, na inapoteza kama kwatzi.

Saa ya betri hapa haina mpinzani, haijui hata kama umeme umekatika. Ya hewani inategemea: ya redio yenye betri haina shida, ya intaneti ikikosa waifai kwa kuwa ruta imezima inabaki kujiendesha mpaka mtandao urudi, na ya GPS iliyochomekwa ukutani inazima ila ikirudi inajisawazisha yenyewe bila kukusumbua.

Ukihama nayo

Hili ndo linawaumiza ndugu zetu wa ughaibuni wanaotuma au kubeba vitu. Saa ya plagi ya Marekani ikiletwa Dar au Kampala na ikafungwa transfoma ya kushusha volti, watu wanadhani imeshatatuliwa. Transfoma inabadilisha volti, hezi haizigusi. Saa iliyotengenezewa 60 ikilishwa 50 inatembea dakika 50 kila saa moja, kwa siku inabaki nyuma masaa manne. Na kwa waliotoka umra au hija wakanunua saa ya plagi Saudia wakati huo huo waangalie, maana Saudia ni hezi 60 wakati Oman, Emirates na majirani zake wa Ghuba ni 50, mpaka gridi yao ya pamoja ilibidi iwekewe kituo cha kubadilisha kwa DC pale Al Fadhili. Baadhi ya saa zina kiswichi kidogo chini kimeandikwa 50/60, ukikipata umepona, na nyingine zinajitambua zenyewe.

Saa ya redio ya Ujerumani ikifika Nairobi haitasikia DCF77 hata uiweke juu ya paa, umbali ni zaidi ya kilomita 6,000 na huku kwetu hakuna mtambo wa aina hiyo unaofika. Itabaki saa ya betri ya kawaida, ambayo si mbaya, ila ulilipia zaidi kwa kitu ambacho hukitumii, na kuna zingine hazikubali hata kurekebishwa kwa mkono vizuri au zimefungiwa majira ya Ulaya. GPS na intaneti zinaenda popote. Ya betri inaenda popote pia.

Kazi inayobaki kwako

Ya plagi kwenye umeme usiokatika unaweza kuisahau miaka, haina betri ya kubadilisha. Ya betri inataka betri mpya kila baada ya muda na kuisawazisha kwa simu kila mwezi au miwili, na usiiache betri iliyokufa ndani, inavuja inakula vile vibati. Ya hewani inataka kuwekwa mahali sahihi: ya redio karibu na dirisha, mbali na tivii na mbali na kuta zenye nondo nyingi, ya GPS antena yake ione anga, ya intaneti mtu abadilishe nenosiri la waifai akumbuke na saa pia, hilo linasahaulika kila siku.

Sasa wewe uko wapi?

Kama unaishi Ulaya bara, Uingereza au Amerika Kaskazini na unataka saa ya jikoni au ya kitandani ambayo hutaigusa mara kwa mara, ya plagi inakutosha kabisa, makosa yake mara nyingi ni ya sekunde. Kama unaamkia kazi za zamu au treni, chukua ya redio ya nchi uliyopo, ukikaa Hamburg iwe ya DCF77, Birmingham iwe ya MSF, Minnesota iwe ya WWVB, na usinunue ya nchi jirani kwa sababu ni rahisi. Ukiwa Marekani na unapanga kurudi nyumbani moja kwa moja, usipakie saa ya plagi kwenye kontena kabla hujaigeuza na kutafuta kile kiswichi cha 50/60.

Kama uko Dar, Kisumu, Bujumbura au popote umeme unapokatika mara kwa mara, ya ukutani iwe ya betri, ukutani kusikopigwa na jua, uisawazishe na simu siku moja ya mwezi uliyoizoea, tuseme siku ya kulipa kodi ya nyumba. Dukani au ofisini kwenye jenereta ndo usiweke saa ya plagi kabisa.

Msikiti au nyumba inayotumia saa ya azana, hizi nyingi zinapiga hesabu ya nyakati vizuri sana kutoka kwenye mji uliochaguliwa, ila saa ya ndani ni kwatzi, ikiteleza dakika mbili na magharibi inateleza nayo. Mwezi wa Ramadhani isawazishwe kabla ya kufunga kuanza na tena katikati, na mji uliowekwa uwe mji wenu wenyewe, maana magharibi ya Lamu na ya Dodoma haziko pamoja.

Shule, kiwanda au ofisi yenye saa nyingi zinazotakiwa kulingana, hapo kununua saa 20 za betri ni kujitafutia mtu wa kuzizungukia kila mwezi. Chukua zinazotumia intaneti kama mtandao wenu ni wa kuaminika, au moja yenye GPS inayoongoza zingine kama mtandao unasumbua, na hiyo moja iwekewe betri ya akiba. Fundi akimaliza kuzifunga mwambie azime umeme wa jengo kwa nusu saa mbele yenu, awashe tena, halafu mzilinganishe zote na simu kabla hamjamlipa.